Kapu la Sikukuu Kazini: Namna ya Kutoa Zawadi Ambayo Mfanyakazi Ataipokea Kama Shukrani

Kila ifikapo Novemba, ofisi nyingi za Dar es Salaam huanza kujiuliza swali lile lile: mwaka huu tuwape nini wafanyakazi? Huliuliza mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Buguruni mwenye vijana sita, na huliuliza pia mkuu wa rasilimali watu katika kiwanda chenye watu mia nne kando ya Barabara ya Nyerere. Nimekaa upande wa wanaolijibu kwa miaka kadhaa, kwanza nikiwa mtunza stoo niliyekabidhiwa makapu niyagawe, baadaye nikiwa afisa niliyelazimika kuyaombea bajeti, na nimefikia kuamini kwamba swali hilo huanzia mahali pasipofaa. Waulize wafanyakazi miaka miwili baadaye walipewa nini, wengi watababaisha. Lakini watakwambia bila kusita kama majina yao yalikuwamo kwenye orodha, nani aliwakabidhi, na alisema nini wakati akikabidhi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakaa sana kwenye manunuzi. Utakaa zaidi kwenye mambo ambayo mnunuzi huyaona madogo na mpokeaji huyaona makubwa.

Deni hulipwa kabla ya zawadi

Hatua ya kwanza haihusu zawadi hata kidogo. Chukua daftari la mahudhurio na orodha ya malipo ya miezi michache iliyopita, kaa na mhasibu, mkague kama kuna mtu anayeidai kampuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili kwa kila saa aliyofanya, na anayefanya kazi usiku aongezewe angalau asilimia 5 kwa kila saa ya usiku. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mtu aliyeitwa kazini siku ya Nanenane, akaitwa tena tarehe 14 Oktoba, akaambiwa mara zote mbili kwamba "tutaangalia", halafu Desemba akaletewa kilo tano za mchele, hawezi kuuona mchele huo kuwa zawadi. Atapiga hesabu. Atagundua kwamba amerudishiwa sehemu ndogo ya haki yake, tena ikiwa imefungwa kwa utepe mwekundu na kutakiwa apige makofi.

Kama fedha iliyopo inatosha jambo moja tu, lipa saa za ziada na uyaache makapu. Waeleze watu kwa maandishi kwamba madeni yote ya mwaka yamelipwa, na utaje kiasi cha kila mmoja katika hati yake ya mshahara. Nimewahi kulifanya hili mwaka mmoja ambao biashara ilikuwa mbaya, nikatarajia manung'uniko, na sikuyasikia. Nilichosikia ni fundi mmoja akimwambia mwenzake kwamba mwaka huu walau hatudaiani.

Vilevile, tenganisha zawadi na kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Ikiwa mkataba wa ajira au makubaliano na chama cha wafanyakazi yanataja bonasi ya mwisho wa mwaka au mshahara wa kumi na tatu, hiyo ni haki, na mkurugenzi anayesimama mbele ya watu kuitangaza kama ukarimu wake hujivunjia heshima mwenyewe.

Orodha ndiyo zawadi yenyewe

Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia ugawaji niliomba orodha kwa mhasibu, nikaichapa, nikahesabu makapu yakalingana na majina, nikajiona mtu makini. Tuligawa tarehe 23 Desemba, saa nane mchana, chini ya turubai uani. Madereva watatu walikuwa njiani wakirudi kutoka Tunduma, mpakani na Zambia, safari ya zaidi ya kilomita 900. Ilipofika zamu ya majina yao, mtu mmoja alisema kwa sauti, "Hawapo, ruka," nami nikaruka. Jioni makapu yao matatu yakachukuliwa na wageni wa bosi waliokuwa wamekuja kusalimia. Madereva wakaingia kesho yake usiku, mkesha wa Krismasi. Mkubwa wao, mzee wa miaka hamsini na kitu ambaye sote tulimwamkia shikamoo, hakuuliza mchele uko wapi. Aliuliza, "Jina langu lilisomwa?" Nilipomweleza kwamba lilirukwa, alizikunja karatasi zake za mzigo taratibu, akaweka funguo za lori juu ya meza yangu, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Januari tuliwanunulia makapu mengine, makubwa kuliko yale ya kwanza. Alipokea akashukuru. Lakini tangu siku hiyo, kila Novemba alikuwa akija ofisini kuuliza ratiba yake ya safari za Desemba, na alipouliza hakuwa akinitazama usoni.

Ndiyo maana nasema orodha iandikwe kwa kuzunguka, isiandikwe kwa kukaa. Orodha ya mishahara inaonyesha wanaolipwa na kampuni, wala haionyeshi wanaoifanya kampuni iende. Fika getini saa kumi na mbili asubuhi, walinzi wa usiku wanapopokezana na wa mchana, uandike majina ya wote wawili. Ingia jikoni kwa mama anayepika chai. Nenda sehemu ya kupakia mizigo uwaulize vibarua ni nani kati yao ametimiza miezi mingapi. Mlinzi na mfagizi mara nyingi wameajiriwa na kampuni nyingine iliyopewa zabuni, na kisheria si watu wako, jambo ambalo mhasibu atakukumbusha haraka. Hata hivyo, huyo mlinzi ndiye anayekufungulia geti kila siku na kukuuliza habari za nyumbani, na kuwapitishia watu mia moja makapu mbele yake huku yeye akiandika tu kwenye daftari la geti kuna ubaya ambao sijui niupe jina gani. Mpe. Iandikie kampuni yake barua fupi ya kuijulisha, asije akaulizwa mzigo ameupata wapi.

Kuna wengine ambao husahaulika kwa sababu hawaonekani siku hiyo. Mama aliye katika likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria yetu ni siku 84, bado ni mfanyakazi na zawadi yake inapaswa kumfuata nyumbani, ikiwezekana ipelekwe na mwenzake wa idara atakayekaa kidogo na kumwona mtoto. Aliyelazwa hospitali ni hivyo hivyo. Kijana wa chuo aliye katika mafunzo kwa vitendo hatarajii kitu, na kwa sababu hiyo kitu kidogo tu kitamshangaza. Aliyestaafu Oktoba baada ya miaka ishirini, ukimtumia kapu Desemba, atalizungumzia mtaani kwake mpaka Pasaka.

Swali la vyeo huleta ubishi kila mwaka. Wapo wanaotaka mameneja wapewe makapu makubwa zaidi, na hoja yao si ya kipuuzi, kwa kuwa majukumu hayalingani. Msimamo wangu ni kwamba kinachogawiwa hadharani kiwe sawa kwa wote, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi, na tofauti za vyeo ziachwe mahali pake, yaani kwenye mshahara na bonasi, ambako mtu husoma karatasi yake peke yake. Makapu ya aina mbili katika ukumbi mmoja huwafundisha watu jambo moja tu: kuchungulia kapu la jirani.

Fedha au kitu?

Hili ndilo swali ambalo watu hulipenda, na kuna majaribio ya kisayansi yaliyoligusa. Watafiti watatu, Sebastian Kube, Michel André Maréchal na Clemens Puppe, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya jaribio walilolifanya nchini Ujerumani, ambako wanafunzi waliajiriwa kwa saa tatu kuorodhesha vitabu vya maktaba kwa malipo ya euro 36. Kundi moja liliongezewa euro 7 bila kutarajia. Kundi jingine lilipewa chupa ya chai yenye thamani ile ile, ikiwa imefungwa vizuri. Waliopewa chupa walifanya kazi zaidi kwa takriban robo, ilhali nyongeza ya fedha haikuleta tofauti ya maana. Cha kufurahisha ni kwamba fedha ile ile ilipokunjwa kwa ustadi ikawa pambo, nayo ilifanya kazi kama chupa. Na wafanyakazi walipopewa nafasi ya kuchagua wenyewe, wengi walichagua fedha.

Mtu anaweza kulisoma jaribio hilo akaharakisha kununua chupa mia mbili za chai, na atakuwa amekosea. Wale walikuwa vijana wa kazi ya siku moja, si baba wa watoto wanne anayekaa Tandale na kudaiwa kodi ya nyumba ya miezi sita. Ninachokiona mimi katika habari ile ni ile noti iliyokunjwa: mtu aliona kwamba mwingine ametumia muda kwa ajili yake. Jaribio jingine, la Uri Gneezy na John List lililochapishwa mwaka 2006, linaongeza tahadhari. Wanafunzi wa Marekani walioahidiwa dola 12 kwa saa ya kuingiza taarifa za maktaba kwenye kompyuta, kisha wakaambiwa watalipwa 20, walijituma zaidi kwa dakika tisini za mwanzo, halafu juhudi ikarudi pale pale ilipokuwa. Anayetoa zawadi akitarajia imlipe kwa jasho la Februari atavunjika moyo.

Kwa wafanyakazi wa mshahara wa chini, katika jiji hili, toa fedha, na uiambatanishe na kitu kimoja kidogo kilichofikiriwa. Fedha iwekwe katika bahasha iliyoandikwa jina kwa mkono. Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Mtu aliyeambiwa amepewa shilingi 50,000 akafika kwa wakala akakuta haitoki yote, hukumbuka kile kilichopungua. Na zungumza na mhasibu mapema kuhusu kodi, maana bonasi ya fedha huhesabiwa kuwa mapato ya ajira na huingia katika makato ya PAYE. Ukitangaza kiasi kabla ya makato na watu wakapokea baada ya makato, utakuwa umetengeneza lalamiko kwa fedha zako mwenyewe.

Vocha za manunuzi za maduka makubwa hazina ubaya kwa anayeishi jirani na maduka hayo. Kwa anayeishi Chanika au Mbagala Rangi Tatu, vocha ni safari, nauli, na bei ambazo angezipata nafuu sokoni kwake.

Fulana, kofia na mwavuli wenye nembo ya kampuni ni sare za kazi au ni matangazo. Vitolewe, lakini visiitwe zawadi ya sikukuu. Kalenda naiachia nafasi, kwa sababu nyumba nyingi huipenda ukutani, ila asipewe mtu kalenda pekee, ambayo mteja wa mara moja naye amepewa.

Kuhusu vyakula, chagua vile ambavyo kila nyumba itavipika: mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta ya kula. Usiweke chupa ya mvinyo kwa mazoea ya makapu ya zamani, na kama kuna chakula cha pamoja, kitoweo kichinjwe kwa namna ambayo wote watakila bila kuulizana. Jambo hili huunganika na jingine kubwa zaidi. Kampuni inayogawa makapu ya Krismasi halafu Idd el Fitr inapita kimya, imewaambia wafanyakazi wake Waislamu kitu ambacho pengine haikukusudia. Suluhisho ni ama kuiita zawadi ya kufunga mwaka na kuitenga na sikukuu yoyote, ama kutoa mara mbili kwa viwango vilivyo sawa, na mimi napendelea la pili. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani husogea; mwaka 2025 ilianza siku chache tu kabla ya Kwaresima, na kampuni iliyokuwa na akili ingeweza kugawa sukari, unga na tende kwa wafungaji wote kwa mkupuo mmoja.

Sasa niseme habari ya kanga, maana nimejifunza kwa aibu. Mwaka mmoja niliagiza doti arobaini kutoka duka la jumla Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, ziwe kitu kidogo cha kuambatana na bahasha kwa wafanyakazi wanawake. Niliangalia rangi, nikashika kitambaa, nikaridhika na pindo na mji. Jina sikulisoma. Doti zilipofunguliwa uani, mama mmoja wa usafi alikunjua yake, akanyoosha mikono, akasoma kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka stoo: "Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe." Kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. "Kumbe ndivyo mnavyotuona," akasema, huku akiikunja tena kwa uangalifu mkubwa, na mimi nilikuwa nimesimama pale na karatasi yangu ya sahihi. Methali hiyo haina ubaya ikisemwa na maskini mwenyewe. Ikitoka mkononi mwa mwajiri ni kijembe. Basi, anayetaka kutoa kanga, ambayo ni zawadi nzuri kuliko nyingi, asome jina la kila aina kabla ya kulipia, na ikiwezekana awachukue wanawake wawili wa ofisini wakachague naye. "Wema hauozi" haijawahi kumletea mtu kesi. Kwa wanaume, kikoi hutosha.

Uzito, tarehe na njia ya kurudi nyumbani

Pima kapu lako kabla ya kuliagiza. Kilo tano za mchele, lita tatu za mafuta, kilo mbili za sukari na mbili za unga ni karibu kilo kumi na mbili. Beba mzigo huo mwenyewe kutoka ofisini Posta mpaka kituo cha mwendokasi saa kumi na moja jioni, usimame katikati ya watu na dumu la mafuta likiwa baina ya miguu, kisha ushuke Kimara utafute bodaboda. Au uvuke nao kwa pantoni kwenda Kigamboni. Nilifanya hivyo mara moja kwa makusudi, na mwaka uliofuata bajeti yetu ilikuwa na kifungu cha usafiri. Magari ya kampuni yaliwapeleka watu kwa njia tatu, na nadhani safari hiyo ilithaminiwa kuliko mchele.

Desemba pia ni mwezi wa mvua za vuli kumalizikia, na boksi la karatasi likilowa hupasuka chini. Tumia ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko. Hubebeka kichwani, haipitishi maji, na mwezi wa Machi bado itakuwa inatumika nyumbani.

Tarehe ina uzito wake. Wanaokwenda kwao Kilimanjaro, Kagera au Mbeya huanza kuondoka wiki moja kabla ya Krismasi, na ukifika kituo cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi alfajiri ya tarehe 20 utawakuta wengi wao wakiwa na mabegi, maboksi na watoto waliolala begani. Zawadi inayogawiwa tarehe 23 imewapita. Gawa ifikapo tarehe 15, na agiza bidhaa kabla Novemba haijaisha, kwa sababu mchele, mafuta na kuku havingoji bajeti ya ofisi ipitishwe ndipo bei zake zipande.

Pana wazo moja ambalo kampuni nyingi hazijalijaribu, nalo ni kuigawa zawadi katika vipande viwili. Mshahara wa Desemba ukilipwa tarehe 20, kama waajiri wengi wanavyofanya kwa nia njema, mfanyakazi atakaa zaidi ya siku arobaini kabla ya kuuona mwingine, na katikati ya siku hizo shule hufunguliwa. Ada, sare, madaftari na viatu vyote hudaiwa wiki moja. Badala ya kapu kubwa Desemba, toa nusu, na wiki ya pili ya Januari mpe kila mzazi madaftari ya kutosha watoto wake pamoja na kiasi fulani cha fedha; asiye na mtoto apewe thamani hiyo hiyo kwa fedha, bila kuulizwa maswali. Tulipofanya hivyo, watu walikuja kushukuru mmoja mmoja ofisini, jambo ambalo makapu hayakuwahi kuleta. Desemba kila mtu hupewa kitu na kila mtu. Januari hakuna anayepewa kitu na yeyote.

Mkono unaokabidhi

Wiki moja kabla ya ugawaji, mwombe kila msimamizi aandike sentensi moja kuhusu kila mtu aliye chini yake, na sentensi hiyo itaje kazi fulani ya siku fulani. Zirudishe zile zinazosema "anajituma sana". Mkurugenzi anapaswa kuwa nazo mkononi wakati anakabidhi, na kama watu ni wengi mno, wakuu wa idara wagawane kazi hiyo, lakini asiwepo anayepewa kapu bila kusikia neno lake. "Mama, ule usiku bomba lilipopasuka ghorofa ya pili, tulikuta mafaili yote umeshayapandisha juu ya meza." Sentensi ya namna hiyo huchukua nusu dakika, haina gharama, na ndiyo inayompa mtu uhakika kwamba kazi yake ilionekana.

Adabu za kawaida zisiachwe kwa kuwa mtoaji ni bosi. Meneja wa miaka thelathini na tano anayemkabidhi mlinzi wa miaka sitini aanze na shikamoo, na atoe kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili. Nimeona zawadi nzuri ikiharibika kwa sababu ilisukumwa juu ya meza kwa vidole huku mtoaji akiongea na simu. Hotuba iwe fupi. Watu wamesimama juani. Picha za kuweka mitandaoni ziombwe ruhusa, na asiyetaka kupigwa akiwa ameinua ndoo ya mchele kama mshindi wa bahati nasibu aachwe kwa amani.

Andaa pia kibali cha kutolea mzigo. Katika viwanda ambako watu hukaguliwa getini, mfanyakazi aliyetoka kusifiwa uani hatakiwi kufunguliwa ndoo yake dakika kumi baadaye na kuulizwa sukari ameitoa wapi. Orodha moja iliyosainiwa, ikiwa mikononi mwa mlinzi mapema, inatosha.

Kama kuna sherehe, gharama yake yote ibebwe na kampuni. Sheria hairuhusu kukata mshahara wa mtu kwa ajili ya mchango kama huo bila ridhaa yake ya maandishi, na hata ridhaa yenyewe, ikiombwa na bosi wake, ni ngumu kuikataa.

Waajiri wengine hulalamika kwamba wametoa kila kitu na bado watu hawashukuru. Hawa mimi huwakumbusha kuhusu ngoma. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, na kila aliyewahi kuhudhuria harusi ya uswahilini anajua mtu hutunzwaje: noti humfikia mchezaji papo hapo, jasho likiwa bado linamtiririka, mbele ya watu waliomwona akicheza. Hakuna anayemwambia mchezaji asubiri Desemba. Kampuni ambayo haikumsemesha mtu kuanzia Januari, haikulipeleka jina lake Mei Mosi miongoni mwa wafanyakazi hodari, haikumjibu barua yake ya kuomba uhamisho wa idara, haiwezi kuyafidia hayo kwa ndoo moja, hata ikiijaza mpaka mfuniko usifunge. Kwa hiyo kila msimamizi afungue mapema mwakani daftari la sentensi zile, aliandike kila mwezi, na neno lisemwe siku ile ile kazi ilipofanyika. Desemba itakuwa kazi ya kunakili tu.

Ugawaji ukiisha, kaa na orodha yako siku hiyo hiyo kabla ya kwenda nyumbani. Weka alama kwa kila ambaye hakusaini, andika alipo, nani atampelekea, na lini. Makapu yasiyochukuliwa yafungiwe stoo yakiwa na majina, na ufunguo akae nao mtu ambaye wageni wa bosi hawamjui. Kisha fungua ukurasa mpya kwa ajili ya Ramadhani, ambayo kwa miaka hii inaangukia Februari na Machi, na uanze kuujaza kwa majina ya waliokuwa safarini.